Chumvi ya Jumapili

Kisima chetu kilikuwa kinagonga. Nilianza kulisema hilo kwa utani, pale nje ya shule ya msingi ninapouzia barafu za ubuyu, na watoto walicheka kwa sababu wananijua mie ni mtu wa vichekesho. Nyumbani hatukucheka. Mlio ulikuja taratibu, du, du, kimya, du, kama mtu anayegonga mlango na anajua kabisa kwamba mpo ndani. Mama akiusikia aliacha alichoshika. Kama ni mchicha, ulibaki nusu umechambuliwa kwenye ungo, na yeye akawa anatazama ukuta wa nyuma mpaka mlio unyamaze.

Sie ni watu wa Singida, ila mie nimezaliwa hapahapa Dar. Tunakaa Kijichi, upande wa bondeni, kule ambako ukiendelea kushuka unakutana na mikoko na tope la mkono wa bahari. Maji ya bomba mtaani kwetu yanakujaga yanapojisikia. Kaka yangu alichoka kumuona mama akipanga foleni na madumu, akaamua kuchimba kisima mwenyewe. Rafiki yake alikaa juu akivuta ndoo za mchanga, kaka yuko chini anaimba, ili tujue bado anapumua. Siku maji yalipotokea alipanda akiwa na tope hadi kwenye kope, akamwambia mama, "Bi mkubwa, leo umeachishwa kazi ya foleni." Mama alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia, "Asante, baba."

Kaka hakukifaidi sana hicho kisima. Alipata ajali ya pikipiki asubuhi akienda kazini, tukamsafirisha Singida, tukamzika kando ya baba, tukarudi. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo watu wa kuja kama sisi hatulisemi. Kaburi liko mbali, safari ya kwenda kulifagia si ya kila mwaka, na hapa mjini marehemu anabaki kwenye vitu vyake. Viatu vyake tulimpa binamu. Godoro lilikwenda kwa jirani. Kitu pekee kilichobaki, ambacho hakigawiki, ni kisima.

Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, ndiye anayesimamia kiwanja. Baada ya msiba alileta pampu ndogo ya umeme, akaiteremsha ndani, akafunika mdomo wa kisima kwa bati zito. Alifanya kwa wema, mama asipate tena taabu ya kuvuta kamba. Tangu siku hiyo hakuna aliyechungulia ndani. Tulibonyeza swichi tu, maji yakapanda kwenye tangi. Na haikupita muda mrefu tukaanza kusikia mlio.

Halafu maji yakaanza kubadilika. Kwanza sabuni iligoma kutoa povu. Mama, aliyekulia kando ya ziwa la chumvi kule kwao, alijua kabla yangu, lakini alinyamaza akaendelea kufikicha mashuka kwa nguvu kama anayagombeza. Kisha barafu zangu. Mtoto mmoja wa darasa la pili, mteja wangu wa kila siku, alilamba, akanitazama kwa huruma kabisa.

"Dada," aliniambia, "barafu yako imelia."

Wenzake waliangua kicheko. Mie nilicheka nao, nikawabadilishia. Lakini njiani kurudi nyumbani lile neno lilinikaa kifuani, kwa sababu mie nina tabia ya kuota ndoto nikiwa macho: nilishamaliza kujenga kibanda changu cha barafu kichwani, cha rangi ya waridi, na friza linalonguruma. Sasa ndani ya kibanda kile kwenye ndoto nilianza kumuona mtu amekaa kwenye kona, ana tope hadi kwenye kope.

Baba mdogo alipoonja maji alitema. Akamwambia mama kwamba kisima kikifa ni shimo tu, shimo ni hatari kwa watoto, na yeye yuko tayari kuleta kifusi akifukie na kujenga fremu mbili za maduka juu yake. Alikuwa na hoja, siwezi kumkatalia. Mama alikuwa anasonga ugali. Mwiko ulisimama. Hakujibu kitu, na baba mdogo akachukulia kwamba amekubali, ila akaongeza kuwa tusubiri kidogo tuone.

Katika kusubiri huko ndipo alipokuja yule sista wa chuo.

Alifuatana na mjumbe wetu, amevaa buti na kofia pana, begi lake zito kuliko yeye. Alimpa mama shikamoo vizuri, akajieleza. Anasomea mambo ya miamba na maji yaliyo chini ya ardhi, na anapita kwenye visima vya watu kuanzia juu kwenye vilima hadi huku kwetu karibu na mikoko, anapima. Mama, ambaye mgeni kwake haondoki mkavu, alikimbilia jikoni kupika chai ya maziwa. Ilipokuja, ilikuwa imekatika. Maziwa yalikuwa mabonge mabonge yanaelea kwenye maji ya kahawia. Mama aliona aibu mpaka akataka kumwaga. Sista alikizuia kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akasema kwa upole kwamba chai imeshamwambia nusu ya alichokuja kuuliza.

Alitueleza vizuri, nami nikaelewa, pamoja na kwamba shule niliishia kidato cha nne na jiografia ilinipitia pembeni. Maji ya bahari ni mazito, alisema. Yanajipenyeza chini ya ardhi na kukaa chini, na maji ya mvua yanaelea juu yake kama mafuta juu ya supu. Sie tunakunywa yale mafuta. Tukiyavuta haraka kuliko mvua inavyoyarudisha, supu inapanda. Akasema watu wengi wa fani yake sasa hivi, kwenye miji ya pwani dunia nzima, wanahangaika na swali hilohilo: bahari imeshafika wapi huko chini, inatembea kwa mwendo gani, na hizi mvua za siku hizi zinazokuja kwa hasira zinaingia ardhini au zinapita tu juu na vitu vya watu. Akasema pia kuna maji kwenye visima virefu ambayo yalinyesha kabla babu wa babu zetu hajazaliwa, na kuna njia za kuyapima umri. Nilijiona nimebeba glasi, ndani yake mvua iliyowanyeshea watu ambao hakuna anayekumbuka hata makaburi yao.

Mama aliuliza swali moja tu: hicho kipimo kikimaliza, kisima kitafukiwa?

Sista alisema yeye hafukii visima vya watu, yeye anapima. Baba mdogo alipopigiwa simu alisema basi vizuri, msomi apime, na majibu yake ndiyo yatakayoamua. Hivyo tukabaki tunasubiri majibu, na mie nilijua, bila mama kuniambia, kwamba kwake hayo ni majibu ya hospitali.

Kifaa chenyewe kilikuwa cha chuma, kama tochi ndogo. Sista alikipitisha kwenye tundu la bati, akakining'iniza kwa waya. Kinasikiliza maji yamepanda kiasi gani na yana chumvi kiasi gani, alisema, na kinaandika chenyewe mchana na usiku. Mama alipenda sana kusikia kwamba kuna kitu kimekaa mle ndani hakilali.

Miezi ikapita. Mara moja moja sista alikuja na kompyuta yake, akaunganisha waya, na mie nikawa nasimama nyuma ya bega lake. Siku ya kwanza nilipouona ule mstari nilisahau hata barafu zangu zinayeyuka. Ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Kisima chenu kinapumua," sista alisema. "Bahari ikijaa, chenyewe kinapanda. Ikirudi nyuma, kinashuka."

Nilimuuliza kama maji yakipanda yanaweza kugonga. Alinitazama, akatabasamu, akasema maji peke yake hayana mkono. Sikumuuliza tena.

Ila kulikuwa na mstari wa pili, wa chumvi, na huo ulimfanya akunje uso. Badala ya kupanda taratibu ulikuwa unaruka, unatulia, unaruka tena, kama ngazi. Alidhani kifaa kimeharibika, akaleta kingine. Kingine nacho kikachora ngazi. Akajaza maji kwenye chupa ndogo, akapeleka maabara. Kabla hajaondoka aliniuliza kwa sauti ya chini, siku za Jumapili huwa tunafanya nini hapa nyumbani. Nikamwambia tunaendaga kanisani, tunarudi, tunakula wali. Aliandika, akafunga begi lake. Mie nikabaki na ubaridi mgongoni mchana wa jua kali. Kumbe kinachoingia kisimani kinaijua Jumapili.

Siku ya majibu, baba mdogo alitangulia. Lori la kifusi lilikuwa limeshamwaga mzigo nje ya geti tangu asubuhi, kwa sababu yeye ni mtu wa kujiandaa. Mama alivaa gauni lake la kanisani. Tulikaa uani kwenye viti vya plastiki, sista katikati, kompyuta juu ya stuli ya jikoni.

"Haya, dokta," baba mdogo alisema, "kimekufa au hakijafa?"

Sista alisema yeye bado si dokta, na kisima si mgonjwa wa kufa leo. Bahari kweli ipo chini ya kisima, alisema, lakini inakuja polepole kuliko tunavyoogopa. Tatizo ni kwamba kwenye maji yetu kuna chumvi za aina mbili. Chumvi inayotoka baharini moja kwa moja haitembei peke yake, ina mwenzake, kitu kingine kidogo kinachoyeyuka majini pamoja nayo, na maabara inawakuta wote wawili. Lakini chumvi ya jikoni imekaushwa juani. Ikiganda punje, mwenzake anabaki nyuma kwenye maji yanayomwagwa. Maabara ikiikuta, inajua: hii imeshaachana na ndugu yake.

Alisema hivyo bila kukusudia chochote, ni maneno ya kazi yake. Mie nilishika ukingo wa kiti.

"Kwa hiyo sehemu kubwa ya chumvi ya humu," alimalizia, taratibu, "haikuletwa na bahari. Imetiwa kwa mkono."

Baba mdogo alinigeukia mie moja kwa moja. Muuza barafu na chumvi ni jirani, alisema, wanagandishia barafu. Nikamwambia mie nina friza la kuazima kwa jirani, sina shida ya chumvi, na tukaanza kubishana pale mbele ya mgeni, hadi mama aliposema, "Ni mimi."

Alisema akiwa anatazama mikono yake. Kanisani waligawiwa chumvi ya upako, na mhubiri alisimulia habari ya maji mabaya ya kale yaliyotiwa chumvi yakapona. Mama alisikiliza, akaona kama anasimuliwa kisima chake. Na siyo maji tu. Aliambiwa ukitia chumvi ile mahali penye kitu kisichotulia, kitatulia na kuondoka. Basi kila Jumapili, mie nikiwa ndani nabadili nguo, yeye alikuwa anainua pembe ya bati na kutia konzi moja.

Baba mdogo alishika kichwa. "Shemeji. Kisima kina chumvi, na wewe unakiongezea chumvi?"

"Wewe ulitaka kukiongezea mawe," mama alimjibu.

Kuku alipita katikati yetu. Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine tungecheka. Sista aliuliza, kwa adabu, kama mtu anayetaka tu kuelewa mstari wake, kwa nini konzi moja moja, kwa nini mama hakutia yote kwa mara moja ikaisha.

Mama alifungua kiganja, akakifunga.

"Mfuko mzima upo kabatini," alisema. "Niliogopa kutia wote, mwanangu. Angeweza kuondoka kweli."

Nimekaa na mama maisha yangu yote. Nimelala kitanda kimoja naye tangu kaka afariki. Sikuwahi kujua kwamba kila Jumapili anakwenda kumfukuza mwanawe kidogo, na anaomba isifanye kazi.

Baba mdogo aliondoka bila kuaga. Tulidhani amekasirika. Tulimsikia nje akiwaita vijana wa bodaboda pale kijiweni, akiwagombeza, barabara ina mashimo, kwani wao hawaoni, na sauti za makoleo zikaanza. Kile kifusi chote walikitandaza kwenye korongo la mvua mbele ya geti letu. Hadi leo pikipiki zinapita juu yake. Suala la fremu hajaligusa tena.

Sista alitupa masharti. Tusinywe wala kupikia maji yale, tufulie tu na kudekia. Pampu iwashwe kwa vipindi vifupi, tusiikasirishe supu ya chini. Mama asitie kitu chochote, hata kwa maombi, mpaka mvua zisafishe chumvi ya mkono, ndipo yeye aone ya bahari ni kiasi gani hasa. Mama aliuliza kisima kitadumu miaka mingapi. Sista alisema hajui. Akasema ukweli ni kwamba hakuna anayejua bado, ndiyo maana anaomba kifaa chake kiendelee kukaa pale. Nilimpenda kwa jibu hilo.

Kabla hajaondoka alitaka kufunga waya wake vizuri, kwa hiyo tukaliondoa bati lote. Ilikuwa mara ya kwanza jua kuingia mle tangu msiba. Alimulika kwa tochi. Chini kabisa, kando ya vile vyuma vya kukanyagia alivyovipachika kaka ukutani, kitu cha njano kilikuwa kinaelea kwa ubavu, kinazunguka polepole.

Lilikuwa dumu lake. Dumu la mafuta ya kula, lililokatwa juu, alilokuwa anavutia maji. Kamba ilikatika wiki ileile ya ajali, naye alisema kesho atalitoa, na sie tulidhani lilizama. Maji yakipanda na bahari linafika kwenye vyuma, linagonga. Sista alieleza hivyo kwa sauti ya kubembeleza, akiwa ameshamtazama mama usoni. Tulilivuta kwa ndoano. Rangi ilikuwa imepauka, lakini lile ua jekundu nililolichora kwa rangi ya kucha, siku nilipotaka dumu letu lisichanganywe na ya majirani, lilikuwepo bado.

Mama aliliosha kwa sabuni isiyotoa povu, akaliweka juu ya ukuta likauke.

Na nyumba ikawa kimya. Ningependa kuandika kwamba tulipumzika. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko mlio. Mama sasa alimaliza kuchambua mchicha kila siku, hadi jani la mwisho, na akimaliza anabaki ameshika ungo kama mtu aliyesahaulika kituoni. Mie nilijikuta nakohoa bila sababu, naangusha vijiko, nawasha redio, alimradi kuwe na kitu kinachogonga.

Ilikuwa mchana, baada ya wali. Umeme ulikuwa umekatika, pampu imezimwa. Mie nafunga vifuko vya barafu kwa maji ya kununua, mama anapepeta mchele. Upepo hakuna kabisa.

Du. Du. Kimya. Du.

Sote wawili tulitazama ukutani kwa wakati mmoja. Dumu lilikuwa palepale juani, kavu, mjusi amelala juu yake. Mjusi hakushtuka.

Mama ndiye aliyesimama. Uso wake haukuwa wa hofu. Ulikuwa uso wa mama aliyemuona mtoto wake anatembea peku kwenye kokoto.

"Anagonga kwa mkono mtupu," aliniambia. "Mrudishie dumu lake."

Nilimpigia sista kwanza, kwa sababu kifaa ni chake na nilimheshimu. Alicheka kidogo. Akasema huenda ni bomba la pampu, maji yakipanda linasogea na kugusa vyuma, lazima kuna kitu. Akasema kama tunalirudisha, basi tulifunge kamba upande usio na waya wake. Namwamini. Ni bomba. Mtu akiniuliza, najibu ni bomba.

Nililifunga kamba mpya, fundo mara mbili, nikalipaka upya ua lake jekundu, mama akaliteremsha mwenyewe hadi likagusa maji. Sista anasema mstari wa chumvi umeanza kushuka, ila haujarudi chini kabisa, na pale uliposimama ndipo bahari ilipo. Ule mfuko wa kabatini tunapikia. Baba mdogo akija Jumapili anasema maharage yetu yana upako, na anaongeza sahani.

Bahari ikijaa huko kwenye mikoko, kisima kinapumua, dumu linagonga. Mama haachi tena mchicha wake. Anainua kichwa kidogo tu, vidole vinaendelea kuchambua.

"Tumesikia, baba," anasema.